Barua ya Kuomba Kazi ya Kwanza: Muundo, Kitenzi na Ukweli

Utangulizi

Barua ya kuomba kazi ni barua rasmi ambayo mtu humwandikia mwajiri ili kumweleza kwamba anaitaka nafasi fulani na kumpa sababu za kumfikiria. Fasili hii ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, yaani kuitaka nafasi, hutimizwa kwa sentensi moja tu. Sehemu ya pili, yaani kutoa sababu, ndiyo inayoibeba barua yote iliyobaki. Wanachuo wengi hugeuza uzito huo: huomba katika kila aya, na sababu hawaitoi hata moja.

Sura zilizotangulia zimeshughulikia upatanisho wa kisarufi, njeo na hali za kitenzi, virejeshi na kauli ya kutendwa. Katika sura hii tunayatumia hayo yote katika kazi moja. Tumechagua barua ya mhitimu mpya anayeomba kufundisha Kiswahili katika shule ya upili nchini Uganda, kwa sababu mbili.

Kwanza, nafasi hizo zipo. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mtaala wa ngazi ya chini ya shule za upili ulioanza kutekelezwa mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Walimu wanaotoka katika vyuo vyetu ndio wanaotazamiwa kusimama mbele ya madarasa hayo.

Pili, kwa mwombaji wa aina hii barua yenyewe ni kipindi chake cha kwanza. Dereva akikosea upatanisho katika barua yake, gari litaendeshwa vilevile. Mwalimu wa Kiswahili akikosea, amekwisha kumpa msomaji sababu ya kumkataa kabla ya kumwona. Ni kweli kwamba shule nyingi nchini hupokea barua kwa Kiingereza, na kwamba anayeomba kazi serikalini hujaza fomu maalumu. Hata hivyo, kanuni za kutoa sababu tunazozieleza hapa hazibadiliki kwa kubadilika kwa lugha au kwa fomu.

1. Kulisoma tangazo

Barua njema huanzia katika tangazo la kazi. Tuchukue mfano ufuatao:

"Anahitajika mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha kwanza na cha pili. Awe amesomea stashahada ya ualimu. Awe amefanya mazoezi ya kufundisha. Awe tayari kusimamia shughuli za wanafunzi nje ya darasa. Barua iandikwe kwa Kiswahili na iambatane na nakala za vyeti. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 19 Januari 2024."

Tuvitazame vitenzi. Masharti ya tangazo yametolewa kwa hali tegemezi, ile inayoishia kwa -e: awe, iandikwe, iambatane. Hali hii hueleza jambo linalotakiwa, ambalo aliyelitaka bado hana uhakika nalo. Kazi ya mwombaji ni kumpa uhakika huo. Kwa hiyo tunaweza kuweka kanuni nyepesi: kila "awe" ya tangazo ijibiwe katika barua kwa kitenzi chenye -li- au -me-, yaani kitenzi kinachosema jambo lililotendeka. Tangazo likisema "awe amefanya mazoezi ya kufundisha", barua iseme "nilifanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki 8". Sharti lisilojibiwa huhesabiwa kuwa halikutimizwa, hata kama mwombaji analitimiza kikamilifu.

Mwanachuo apige mstari chini ya kila sharti kabla hajaandika neno lolote. Kazi hiyo humwonyesha pia kama nafasi inamfaa au haimfai.

2. Muundo wa barua

Barua ya kuomba kazi hufuata muundo wa barua rasmi:

(a) Anwani ya mwandishi, huandikwa juu upande wa kulia.
(b) Tarehe, huandikwa chini ya anwani hiyo.
(c) Cheo na anwani ya mwandikiwa, huandikwa upande wa kushoto, chini kidogo ya tarehe.
(d) Mtajo, yaani maneno ya kumwita mwandikiwa.
(e) Kichwa cha barua, huandikwa kwa herufi kubwa au hupigiwa mstari.
(f) Mwili wa barua, wenye aya tatu hadi tano.
(g) Kimalizio, sahihi na jina kamili la mwandishi.

Mwanachuo wa Uganda husoma vitabu vilivyochapishwa Tanzania na vilivyochapishwa Kenya, naye hukuta desturi mbili. Kichwa cha barua huanza kwa YAH (yahusu) katika vitabu vingi vya Tanzania, na kwa KUH (kuhusu) au MINT (mintarafu) katika vile vya Kenya. Kimalizio huwa "Wako mtiifu" huku na "Wako mwaminifu" kule. Watu wanaoweza kumshuhudia mwombaji huitwa wadhamini Tanzania na warejelewa Kenya. Desturi zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuzichanganya katika barua moja, kwa maana mchanganyiko huo huonyesha kwamba mwandishi amenakili vipande kutoka hapa na pale. Achague moja na ashikamane nayo hadi mwisho.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Mambo mengine, kama vile orodha ya shule alizosoma mwombaji na miaka yake, yana mahali pake katika wasifu unaoambatishwa.

3. Barua yenye kasoro

Mwili wa barua ufuatao tumeutunga kwa kukusanya makosa yanayojirudia katika kazi za wanachuo. Sentensi tumezipa namba ili tuzirejelee kwa urahisi.

(1) Kwa heshima na taadhima kubwa na kwa unyenyekevu mwingi, ningependa kuomba nafasi ya mwalimu aliyetangazwa katika shule yako tukufu. (2) Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na mwenye kipaji cha kufundisha. (3) Nimehitimu stashahada ya ualimu na nasubiri matokeo. (4) Nina uzoefu mkubwa wa kufundisha Kiswahiri katika shule mbalimbali. (5) Hufanya kazi bila kusimamiwa. (6) Nakala za vyeti vyangu vimeambatishwa. (7) Nakusihi unisaidie kwa kuwa nina matatizo mengi ya nyumbani na wadogo zangu sita wananitegemea. (8) Nikipata kazi hii nitaiinua shule yako iwe ya kwanza katika wilaya.

Msomaji akifika mwisho wa barua hii, je, amejua nini? Hajui mwombaji amefundisha wapi, kwa muda gani, watoto wangapi, wala alifanya nini darasani. Amejua kwamba mwombaji anaihitaji kazi, jambo ambalo alikwisha kulijua alipoifungua bahasha. Tuichambue barua hii kwa upande wa kitenzi kwanza, kisha upatanisho, kisha tahajia.

4. Kitenzi ndicho shahidi

4.1 Kuomba mara moja

Sentensi (1) inatumia kiambishi -nge-. Kiambishi hiki hueleza jambo la kudhania ambalo kutimia kwake kunategemea jambo jingine: "Ningependa kuja, lakini mvua inanyesha." Wapo wanaokitumia kuwa alama ya adabu, na katika mazungumzo hakimkwazi mtu. Katika barua rasmi, hata hivyo, humwacha msomaji akilisubiri hilo sharti lisilokuja. Kitenzi "kuomba" kina adabu ndani yake tayari. "Naomba nafasi ya mwalimu wa Kiswahili" ni sentensi kamili, yenye heshima, na haihitaji kutanguliwa na taadhima wala unyenyekevu. Umbo "ninaomba" nalo ni sahihi. Tunachotaka ni mwandishi asirukeruke kati ya na- na nina- katika barua moja.

4.2 Njeo -li- na hali -me-

Kiambishi -li- hulifunga tendo katika wakati uliopita unaojulikana. Kiambishi -me- huonyesha kwamba tendo limekamilika na matokeo yake yapo hadi sasa. Linganisha:

Nilifundisha kidato cha kwanza kwa wiki 8, Juni na Julai 2023.
Nimeambatisha nakala ya tathmini ya mazoezi hayo.

Sentensi ya kwanza ina wakati uliotajwa, hivyo inadai -li-. Sentensi ya pili inaeleza hali iliyopo mbele ya macho ya msomaji, hivyo inadai -me-. Mwanachuo anayeandika "nimefundisha mwaka jana" huchanganya mambo haya mawili. Kuna faida nyingine katika -li-: humlazimisha mwandishi kutaja lini. "Nina uzoefu mkubwa" haina wakati, haina mahali, haina idadi. Ni sentensi isiyoweza kuthibitishwa wala kukanushwa. "Nilifundisha kwa wiki 8" inaweza kuthibitishwa kwa simu moja.

Matendo yanapofuatana, la kwanza huchukua -li- na yanayolifuata huchukua -ka-: "Niliwagawa wanafunzi katika vikundi, nikanakili vifungu, nikakipa kila kikundi kifungu chake." Kwa -ka- msomaji huona jinsi mwalimu huyo anavyofikiri: amekutana na nini, akafanya nini, kikafuata nini.

4.3 Kumaliza, kuhitimu na kiambishi -ja-

Sentensi (3) inasema "nimehitimu" na "nasubiri matokeo" kwa pamoja. Mambo haya hayapatani. Kumaliza masomo ni kufika mwisho wa muda wa kusoma. Kuhitimu ni kufaulu na kutambuliwa rasmi kuwa umefaulu. Anayesubiri matokeo amemaliza, hajahitimu. Kosa hili linaonekana dogo, lakini mbele ya mwajiri ni tofauti kati ya kauli ya kweli na kauli ya uongo. Mwombaji huenda hakukusudia kudanganya hata kidogo. Mwajiri hana njia ya kukijua kisichokusudiwa. Anacho kitenzi kilichoandikwa.

Kiswahili kina kiambishi kinachomwokoa mwandishi hapa, nacho ni -ja-. Tulinganishe kanusho mbili:

Matokeo hayakutangazwa.
Matokeo hayajatangazwa.

Ya kwanza inakanusha -li-. Inafunga jambo, na msomaji anaweza kudhani kwamba matokeo yalizuiwa. Ya pili inakanusha -me-. Inasema jambo halijawa hadi sasa, bali linatarajiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mwombaji ambaye hajapata kuajiriwa. Asiombe radhi kwa hilo. Tangazo la kazi ya mwanzo limeandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Ikimlazimu kulitaja, "sijaajiriwa" ni kauli ya kweli isiyomfungia mlango.

4.4 Hu- na kauli ya kutendwa

Kiambishi hu- cha mazoea hakiambatani na kiambishi cha nafsi. Mimi, wewe, yeye na wao wote hutumia umbo moja: hufanya, husoma, huja. Ndiyo maana sentensi (5) imemkosa mtendaji. Katika maelezo ya jumla, kama haya ya kitabu, umbo hilo linafaa sana. Katika barua ya kuomba kazi, mahali ambapo msomaji anauliza "nani alifanya?", umbo hilo halimjibu.

Kauli ya kutendwa nayo huweza kumficha mtendaji. "Kulianzishwa chama cha Kiswahili" haisemi kama mwombaji alikianzisha, alijiunga nacho, au alisikia tu kwamba kipo. Pale mwombaji alipotenda, atumie nafsi ya kwanza bila haya: nilianzisha, niliandaa, nilisahihisha. Pale alipotenda pamoja na wenzake, aseme "tuliandaa". Hapo nafsi ya kwanza wingi ni suala la uaminifu, maana kazi ya wengi haiandikwi kwa ni-.

4.5 Kitenzi badala ya sifa

Sentensi (2) ina sifa nne na haina tendo hata moja. Mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu ni majina ambayo mtu hupewa na wanaomjua. Akijipa mwenyewe hayana uzito, kwa sababu hata asiyestahili angeweza kuyaandika. Njia ya kulitatua tatizo hili ni kujiuliza kwa kila sifa: nilifanya nini hata nikadhani ninayo? Jibu la swali hilo ndilo la kuandikwa, na sifa yenyewe ifutwe. Aliyesahihisha madaftari 84 kila Ijumaa kwa wiki 8 hana haja ya kuandika kwamba ana bidii. Msomaji atalitamka neno hilo mwenyewe.

Hapa ndipo wanachuo wengi hukata tamaa, wakidhani kwamba hawajafanya lolote la kuandikwa. Mazoezi ya kufundisha ni kazi halisi. Kuwafundisha wadogo kusoma katika msikiti au kanisa ni kazi halisi. Kuuza dukani wakati wa likizo, kuweka hesabu za chama cha wanafunzi, kutafsiria wageni katika zahanati ya mtaani: haya yote yana mahali, muda na matendo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyataja kwa vitenzi kamili.

4.6 Ahadi za -ta-

Kiambishi -ta- hutumika kuahidi, na ahadi itolewe tu kwa jambo lililo katika uwezo wa mtoa ahadi. Sentensi (8) inaahidi jambo linalotegemea walimu wengine, wanafunzi, wazazi na vitabu. Mwalimu mkuu anajua ugumu wake kuliko mwombaji. "Nitafika kwa usaili siku yoyote nitakayoitwa" ni ahadi ndogo, lakini mwandishi anaweza kuitimiza.

4.7 Kuhusu shida za nyumbani

Sentensi (7) inahitaji kuzungumziwa kwa makini. Wadogo sita wanaomtegemea mtu ni jambo zito, na hatumfundishi mwanachuo kuuonea aibu umaskini wa kwao. Lakini tumfikirie msomaji. Mbele yake pana barua nyingi, na huenda nyingi zinaeleza shida. Hana mizani ya kupimia ni nyumba ipi yenye njaa zaidi, na hata angekuwa nayo, si hilo aliloitiwa kuamua. Anamtafuta mtu atakayeingia darasani Jumatatu na kuwafundisha watoto ambao hawajawahi kusoma sentensi ya Kiswahili. Barua inayomlilia humwondolea swali lake na kumpa swali jingine asiloweza kulijibu. Anayewatakia mema wadogo zake atawasaidia zaidi kwa kuandika alichokifanya darasani kuliko kwa kuwataja wao.

5. Upatanisho: nomino iongozayo

Makosa ya upatanisho katika barua hizi hutokea zaidi pale nomino mbili zinapoungwa kwa kihusishi -a. Kanuni ni kwamba kitenzi na kirejeshi hupatana na nomino iongozayo kirai, si na ile iliyo karibu na kitenzi.

Katika sentensi (1), "nafasi ya mwalimu aliyetangazwa" inamaanisha kwamba mwalimu ndiye aliyetangazwa. Kilichotangazwa ni nafasi, ambayo imo katika ngeli ya I-/ZI-. Kwa hiyo: nafasi ya mwalimu iliyotangazwa.

Katika sentensi (6), kilichoambatishwa ni nakala. Vyeti vyenyewe vimebaki nyumbani. Nakala ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-. Kwa hiyo: nakala za vyeti vyangu zimeambatishwa. Tuone jinsi sentensi hii fupi inavyobeba upatanisho wa aina mbili: "vyangu" inafuata vyeti, na "zimeambatishwa" inafuata nakala.

Namba nazo zina upatanisho wake. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea viambishi vya ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazipokei. Tunaandika miaka miwili, vipindi vitatu, walimu wanane, lakini walimu sita na vipindi kumi. Kanuni hii hufika hadi katika namba ndefu: wanafunzi themanini na wanne, vipindi kumi na viwili. Mwombaji anaweza kuandika tarakimu katika barua na kuificha kasoro yake, lakini siku ya usaili ataitwa azisome.

6. Tahajia na athari za lugha ya kwanza

Sentensi (4) ina neno "Kiswahiri". Asili ya kosa hili inaeleweka. Katika Kiganda, sauti [r] hutokea baada ya irabu i na e, na sauti [l] hutokea kwingineko. Mzungumzaji anayeihamishia kanuni hiyo katika Kiswahili ataandika Kiswahiri na nirifundisha kwa upande mmoja, balua na habali kwa upande mwingine. Katika Kiswahili, l na r ni fonimu mbili. Kubadilisha moja kwa nyingine hubadilisha maana, kama tuonavyo katika kula na kura, mahali na mahari. Wengine huandika z mahali pa dh, au s mahali pa th, wakapata tafazali na semanini.

Kosa la aina hii si dalili ya ujinga. Ni alama ya lugha aliyonyonya mtu kwa mama yake. Hata hivyo, anayeomba kukifundisha Kiswahili na kuliandika vibaya jina la somo lake katika kichwa cha barua amejiwekea kikwazo mwenyewe. Tunapendekeza njia moja ya kazi: barua ikisha kuandikwa, isomwe mara moja kwa ajili ya l na r peke yake, mara ya pili kwa ajili ya upatanisho peke yake, na mara ya tatu kwa ajili ya majina na tarehe. Jicho linalotafuta kila kitu kwa wakati mmoja hukosa vingi.

7. Barua iliyosahihishwa

Barua ifuatayo inajibu tangazo lililotolewa katika sehemu ya 1.

(Anwani ya mwandishi)
S.L.P. ______,
Masaka.

Tarehe 8 Januari 2024.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Upili ya ______,
S.L.P. ______,
Masaka.

Kwa Mwalimu Mkuu,

KUH: OMBI LA KAZI YA KUFUNDISHA KISWAHILI, KIDATO CHA KWANZA NA CHA PILI

Naomba nafasi ya mwalimu wa Kiswahili iliyotangazwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo chetu tarehe 3 Januari 2024.

Nilimaliza masomo ya stashahada ya ualimu mwezi Novemba 2023, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Kiswahili na Historia. Matokeo ya mwisho hayajatangazwa. Nimeambatisha matokeo ya mwaka wa kwanza na barua ya Mkuu wa Chuo inayothibitisha kwamba nimemaliza masomo.

Mwezi Juni na Julai 2023 nilifanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki 8 katika shule ya upili ya kutwa wilayani Rakai. Nilifundisha vipindi 12 kwa wiki. Darasa la kidato cha kwanza lilikuwa na wanafunzi 84 na vitabu 20. Niliwagawa wanafunzi katika vikundi 14, nikanakili vifungu vya kusoma kwenye karatasi za manila, nikakipa kila kikundi kifungu chake na kuvibadilisha kila wiki. Kufikia wiki ya mwisho, kila kikundi kilikuwa kimesoma mazungumzo mafupi mbele ya darasa mara 3. Nakala ya tathmini ya mwalimu aliyenisimamia imeambatishwa.

Kuhusu shughuli za nje ya darasa, nilikuwa katibu wa chama cha Kiswahili chuoni kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo tuliandaa midahalo 4, nami niliandika taarifa za mikutano yote.

Nakala za vyeti vyangu zimeambatishwa, pamoja na wasifu wangu na majina ya warejelewa wawili. Nitafika shuleni kwa usaili siku yoyote nitakayoitwa.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
(Jina kamili)

Mwanachuo aisome barua hii tena akiwa na tangazo mkononi. Stashahada imejibiwa katika aya ya pili, mazoezi ya kufundisha katika aya ya tatu, shughuli za nje katika aya ya nne. Neno "bidii" halimo. Neno "ubunifu" halimo. Upungufu wa mwombaji umetajwa wazi, kwamba matokeo hayajatoka, na mara moja umefuatwa na hati inayosaidia. Kazi ya chama imeandikwa kwa nafsi mbili: tuliandaa, niliandika. Na vitabu 20 kwa wanafunzi 84, hali ambayo wengine wangeilalamikia, imekuwa mahali pa kuonyesha kile mwalimu huyu hufanya anapokosa vifaa.

Tunatahadharisha kwamba barua hii ni mfano wa njia, si barua ya kunakiliwa. Wiki 8 na karatasi za manila ni za mwombaji wa mfano. Mwanachuo akiandika matendo asiyoyatenda, maswali mawili ya usaili yatatosha kumfichua: ulivigawa vipi hivyo vikundi, na asiyejua kusoma ulimweka wapi? Aliyefanya kazi hiyo kweli atajibu kwa furaha, tena kwa urefu.

Muhtasari

Barua ya kuomba kazi ya kwanza huomba mara moja na kutoa sababu katika nafasi yote iliyobaki. Sababu hutolewa kwa vitenzi vyenye mtendaji, wakati, mahali na idadi. Kiambishi -li- husimulia, -ka- hufuatanisha, -me- huonyesha kilichopo, -ja- hukiri kisichokuwa bado, na -ta- huahidi kinachowezekana. Upatanisho hufuata nomino iongozayo kirai. Mwandishi anayevitumia viambishi hivi ipasavyo anaandika Kiswahili sanifu, na papo hapo anasema kweli kuhusu nafsi yake. Katika barua ya aina hii, mambo hayo mawili hayatengani.

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya sentensi hizi, kisha utaje ile inayofaa katika barua ya mtu anayesubiri matokeo, na sababu yake:
(a) Nimehitimu mafunzo ya ualimu.
(b) Nimemaliza mafunzo ya ualimu.
(c) Sikuhitimu mafunzo ya ualimu.
(d) Sijahitimu mafunzo ya ualimu.

2. Sahihisha upatanisho:
(a) Barua ya wadhamini wangu wameambatishwa.
(b) Nilisimamia mitihani tatu za wanafunzi wa kidato cha pili.
(c) Naomba kazi ya ukutubi uliotangazwa gazetini.

3. Badilisha kila sifa iwe sentensi moja yenye kitenzi cha -li-, wakati na idadi, ukitumia jambo ulilolitenda wewe mwenyewe: mvumilivu, mpangilifu, mwenye ushirikiano.

4. Tafuta tangazo la kazi ya mwanzo lililobandikwa katika mji ulio karibu na chuo chako. Orodhesha masharti yote yaliyotolewa kwa hali tegemezi, na mbele ya kila sharti uandike tendo lako linalolijibu. Sharti usiloweza kulijibu uliache wazi.

5. Kwa kutumia orodha ya swali la 4, andika barua isiyozidi ukurasa mmoja. Mpe mwenzako aipigie mstari kila kauli isiyoweza kuthibitishwa. Iandike upya.